Natafuta resini ya fenoli ya kumimina (ile ya redio za zamani). Kama haipo, mbadala gani ulio salama?

NobuYaKati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina redio ya valvu niliyoachiwa na marehemu babu. Ganda lake ni ile plastiki nzito ya zamani, rangi ya asali, mwanga unapenya kidogo pembeni. Nobu ya sauti imepasuka vipande vitatu na kimoja kimepotea. Ya kutafutia stesheni ni nzima. Katika kusomasoma nimegundua kuwa hii ni Catalin, yaani resini ya fenoli iliyomiminwa ikiwa uji, wala si Bakelite ya unga wa kushindiliwa.

Nataka kumimina nobu mpya kwa malighafi ileile. Huu mwezi wa nne natafuta. Kila muuzaji nikimtajia fenoli ananiletea epoksi. Mmoja kaniambia nichanganye mwenyewe fenoli na fomalini, eti "ni kupika tu".

Maswali mawili. Kuna anayeuza resini hii kwa kiasi kidogo, lita moja hivi? Na kama hakuna, hiyo ya kupika inawezekana?

---

Jongoo72

Gundisha vipande, maisha yaendelee.

---

NobuYaKati

Kipande kimoja kimepotea mkuu. Imeandikwa hapo juu.

---

MzeeWaMaabara

Kijana, usipike. Natanguliza hilo ili hata usiposoma mengine liwe limekufikia.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya gundi za mbao, na gundi zetu zilikuwa za fenoli na fomalini hizohizo. Fenoli safi ni fuwele nyeupe, inayeyuka kwenye nyuzi 41 hivi, harufu yake ndiyo ile ya sabuni ya kaboliki. Ubaya wake ni kwamba inaunguza huku inatia ganzi. Inakudondokea mkononi, ngozi inageuka nyeupe, husikii kitu, unaendelea na kazi, kumbe inapenya kwenda kwenye damu. Watu wamekufa kwa fenoli iliyopitia ngozini tu. Fomalini nayo ni gesi iliyozamishwa kwenye maji, ukiipasha moto gesi inatoka. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka kundi la kwanza mwaka 2004, yaani imethibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Ukizikutanisha hizo mbili na kichocheo zinatoa joto, joto linaharakisha mchanganyiko, mchanganyiko unatoa joto zaidi. Sisi tulikuwa na mitambo ya kupoza na bado tulikuwa tunaiheshimu. Viwandani matangi ya namna hiyo yamewahi kulipuka. Sufuria haina breki.

Sasa kununua. Resini za fenoli zipo tele, ila zinauzwa kwa mapipa kwa watu wa plywood, breki za magari na kalibu za mchanga. Zina rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, na zikigumu zinatoa maji ndani yake, kwa hiyo kipande kinene kinajaa mapovu. Hata ukifanikiwa kupata lita moja hutapata asali yako.

Ile Catalin ya kweli ilikuwa na ufundi wake. Hataza kuu ya Baekeland ilitolewa 1909, ilipoisha muda katikati ya miaka ya 1920 wengine wakaingia na resini safi isiyochanganywa na unga wa mbao, ndiyo maana iliweza kupokea rangi za kupendeza. Walichovya umbo la chuma kwenye risasi iliyoyeyuka, risasi ikaganda juu yake, wakaichomoa, ikawa kalibu. Wakamimina uji, wakaweka kwenye tanuri kwa siku kadhaa, joto lisilofika mchemko wa maji. Kisha watu wakakereza na kung'arisha kwa mkono, kimoja kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki za kudungwa kwa mashine zilitoa ganda zima la redio kwa muda mfupi tu, na ile kazi ya mikono ikafa. Hakuna anayekuficha hiyo resini. Haina tena mtu wa kuitengeneza kwa chupa.

---

ShangaNaVioo

Shikamoo mzee, umesema yote.

Mwanzisha uzi, usiidharau epoksi, ila usiipokee kama maji ya kunywa pia. Mimi nilitengeneza vidani na herini kwa epoksi miaka mitatu, mikono mitupu. Haina harufu kali, kwa hiyo sikuogopa. Ikidondoka nafuta kwa kitambaa chenye asetoni. Mwaka wa tatu nikaanza kuwashwa katikati ya vidole, kisha kope zikavimba. Daktari wa ngozi akasema ni mzio wa epoksi na hauponi, utakuwa nao mpaka mwisho. Leo nikiingia chumba chenye epoksi mbichi ambayo sijaigusa, uso unaanza kuwaka.

Kosa langu kubwa ilikuwa ile asetoni. Inaiyeyusha resini na kuisambaza ndani ya ngozi. Ngozi inataka sabuni na maji tu. Na glavu ziwe za naitraili, ukizichafua unavua na kutupa, usiende nazo kushika simu na kitasa cha mlango. Mimi simu yangu ndiyo iliyokuwa inanipaka usoni.

---

Mdadisi_K

Siku hizi kuna epoksi ya mimea, haina sumu kabisa. Naitumia sebuleni, watoto wakiwepo. Tatizo watu mnatishana.

---

ShangaNaVioo

Kaka, na mimi nilikuwa naongea hivyohivyo mwaka wa kwanza.

---

MzeeWaMaabara

Mdadisi, tuongee taratibu. "Ya mimea" inamaanisha sehemu ya kaboni imetoka kwenye mafuta ya mimea badala ya petroli. Ikishafika kwenye chupa, kikundi cha kemikali kinachofanya igande ni kilekile cha epoksi, na ndicho kinachogombana na ngozi. Hadina yake (ile chupa ya pili, ya kugandisha) bado ni kemikali za kundi la amini, na nyingi kati ya hizo zinaunguza. Kipande kilichokauka kikamilifu hakina neno, mtoto anaweza kukichezea. Hatari iko kati ya kufungua chupa na kukauka, na kwenye vumbi la kipande ambacho hakijamaliza kukauka.

Omba karatasi ya usalama ya hiyo chupa, ile yenye vipengele 16. Nenda kipengele cha 2. Ukikuta maneno ya kuleta mzio wa ngozi, hamisha watoto sebuleni.

---

FundiBoti

Nipo kwenye fibaglasi, hivyo nitasemea poliesta. Inapatikana kirahisi kuliko zote: wanaotengeneza boti, matangi na bodi za magari wote wanayo. Ukimkuta fundi mstaarabu anaweza kukupimia nusu lita.

Poliesta ya kumimina ikitiwa rangi inafanana na Catalin kuliko epoksi, ni ngumu na inang'arika vizuri kwenye kitambaa. Lakini sikiliza mabaya yake. Theluthi moja au zaidi ya hiyo resini ni staireni, kimiminika kinachotoa mvuke. Harufu yake unaisikia mapema sana, jirani naye ataisikia, na IARC mwaka 2018 waliipandisha kuwa inayoelekea kuleta saratani. Inasinyaa ikikauka, asilimia tano mpaka nane ya ujazo, kwa hiyo nobu yako itatoka ndogo kuliko ya mwenzake. Uso ulioguswa na hewa unabaki unanata. Na inaila silikoni, kalibu inachoka baada ya kumimina mara chache.

Hadina yake ndiyo ya kuogopa. Ni peroksaidi, inaitwa MEKP, unatia asilimia moja hadi mbili tu. Tone moja likiingia jichoni unaweza kupoteza jicho. Miwani ya kuziba pande zote, si ile ya kusomea. Na kama umepewa kobalti kando (ile ya zambarau, ya kuharakisha kukauka), USIIKUTANISHE na MEKP moja kwa moja. Inashika moto au kulipuka. Kobalti inakorogwa kwenye resini mpaka ipotee, ndipo MEKP ifuate.

Jambo jingine, na hili nimeliona kwa macho: hadina ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina rangi, inafanana na maji. Kijana wa karakana jirani aliinyanyua, bahati harufu ikamstua. Ukiuziwa hivyo ikatae, au hamishia kwenye chombo kingine cha plastiki kinachofaa na uandike kwa herufi kubwa kabla hujaondoka pale.

---

NobuYaKati

Aisee. Nilikuja kutafuta duka, nimepata hospitali nzima.

Kwa hiyo poliuretani je? Kuna mtu kanishauri ile ya maji mawili, inakauka dakika kumi.

---

KalibuSafi

Hiyo ndiyo kazi yangu, namimina vinyago vidogo na sehemu za modeli.

Poliuretani ni tamu kwa vitu vidogo: nyepesi kumwagika, haisinyai sana, unatoa vipande vingi kwa siku. Lakini moja ya zile chupa mbili ni isosayaneti, kemikali inayoshambulia mapafu. Ukishapata pumu ya isosayaneti, harufu kidogo tu ya kazini kwako inakuangusha. Na hapa pua inakudanganya: staireni unaisikia kabla haijakudhuru sana, isosayaneti ukianza kuisikia umeshapita kiwango. Tangu Agosti 2023 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mtu atumie kikazi bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya daiisosayaneti bila kupata mafunzo. Wenzetu hawakuamka tu wakaamua hivyo.

Pia inachukia unyevu. Ukinunua iliyopimwa kwenye chupa ndogo, hewa imeshaingia, utamimina nobu utatoa sponji. Kipimo rahisi: chupa ikiwa imevimba au ina ukoko mdomoni, iache hapohapo dukani.

Na zile zinazojiita safi kama maji, za zamani, baadhi zilikuwa na kichocheo cha zebaki. Chupa iliyokaa stoo ya mtu miaka kumi na tano si bahati, hata akikupa bure.

Binafsi kwa nobu MOJA nisingefungua poliuretani. Nimeishika kwa sababu namimina kila wiki, nina feni ya kutoa hewa nje na barakoa ya vichujio.

---

Mdadisi_K

Basi jasi ya akriliki! Haina harufu, inachanganywa na maji yake, watoto wanaweza kusaidia. Hapo mzee hana la kusema.

---

MzeeWaMaabara

Hapo Mdadisi umegonga penyewe. Jasi na maji ya akriliki, kama ile Jesmonite iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1980, ndiyo kitu cha kumimina ambacho ningempa mjukuu wangu akiwa na barakoa ya vumbi wakati wa kupima unga. Kwa sahani ya mapambo, kinara, sanamu, sina neno.

---

SaketiNyekundu

Samahani, nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la muhimu kuliko yote. NobuYaKati, hiyo redio ina transfoma ya umeme ndani?

---

NobuYaKati

Sidhani mkuu. Nikifungua nyuma naona valvu tano na waya unaingia moja kwa moja kwenye chasisi. Kwa nini?

---

SaketiNyekundu

Kwa sababu redio nyingi za valvu za namna hiyo chasisi yake imeungwa na upande mmoja wa umeme wa ukutani. Ukichomeka plagi kinyume, chasisi nzima ina moto wa umeme, na mhimili wa nobu unatoka kwenye chasisi hiyo. Kinachokutenganisha na umeme ni NOBU. Hilo ganda na hizo nobu ni kinga, zaidi ya kuwa pambo.

Kwa hiyo:

Jasi sahau. Ina vinyweleo, inanyonya unyevu na jasho la mkono.

Usiweke bushi ya shaba yenye skrubu inayotokeza nje. Kama lazima skrubu iwepo, izame ndani na shimo lizibwe kwa nta.

Usitie rangi ya unga wa metali ili ing'ae.

Na usiwashe redio ikiwa haina nobu, hata "kujaribu tu".

Angalia pia resini yako inahimili joto gani. Epoksi nyingi za mapambo zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60. Nobu haifiki huko kwa kawaida, lakini redio ikikaa dirishani juani na valvu zimewaka, shimo la mhimili linaweza kutanuka.

---

KalibuSafi

Hii sikuiwaza hata kidogo. Nimejifunza.

---

FundiBoti

Mimi pia. Basi tubaki na epoksi au poliesta.

---

MkerezajiMdogo

Wakuu, mbona mnamlazimisha kumimina? Ameuliza resini ya fenoli. Resini ya fenoli iliyokwisha kumiminwa, imekauka, haina fomalini ya kuchemka wala nini, ipo kila mahali watu wanapocheza pool. Mipira!

Mipira mizuri ya biliadi ni fenoli ya kumimina mpaka leo. Aramith za Ubelgiji ni hizo. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57, nobu ya redio haizidi 35 au 40. Mweupe uliozeeka unageuka rangi ya krimu, mwingine unafika karibu na asali. Kumbi zinatupa mipira iliyopata ufa mdogo.

Nimekereza vishikio vya visu na vifuniko vya kalamu kutoka humo. Inakatika kama pembe, inang'arika kama kioo.

Angalizo: mipira ya bei rahisi ni poliesta. Toboa kidogo kwa drili, unuse. Ikinuka karakana ya fibaglasi, ni poliesta. Ikinuka sabuni ya kaboliki, ni fenoli.

---

MzeeWaMaabara

Kijana huyu apewe kiti. Miaka yote ile na sikuwaza mpira wa pool.

Naongeza moja tu: vumbi. Iwe fenoli, epoksi, au poliesta, vumbi lake lisiingie kifuani. Kereza polepole, piga msasa ukiwa umelowesha maji, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso. Na mpira usishikwe kwa mkono kwenye mashine. Ni wa duara, utaruka. Chonga kiti cha mbao chenye shimo la kuulalia.

---

NobuYaKati

Wakuu, hapa nimeishiwa maneno. Naenda kutafuta mpira. Lakini kwa kuwa nilishanunua epoksi nusu lita, nitajaribu zote mbili. ShangaNaVioo, nipe utaratibu, nakuahidi glavu.

---

ShangaNaVioo

Sawa mdogo wangu. Kama kweli utafanya:

Pima kwa mizani, na usome kama uwiano ulioandikwa ni wa ujazo au uzito. Resini ni nzito kuliko hadina. Mbili kwa moja ya ujazo inaweza kuwa mia kwa arobaini na kitu ya uzito. Wengi wanaolia kuwa epoksi haikauki walikosea hapo, si chupa mbovu. Usiongeze hadina "ili ikauke haraka", epoksi si poliesta. Ile iliyozidi haina mwenzake wa kushikana naye, inabaki mbichi humo ndani.

Kama resini imeganda nyeupe kama samli haijaoza, iweke chupa kwenye maji ya moto mpaka iwe angavu.

Koroga dakika tatu, hamishia chombo kingine, koroga tena. Mimina. Kilichobaki usikiache kwenye kikombe kirefu, kitajichemsha na kutoa moshi. Kimwage kitandaze kwenye trei, nje, mbali na karatasi.

Halafu fungua dirisha, ondoka.

---

KalibuSafi

Na kwenye kalibu: usizungushie nobu nzima udongo wa kuchezea wa kawaida ukamimina silikoni ya platinamu (ile inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu). Kama huo udongo una salfa, silikoni haigandi, utabaki na ute. Tumia usio na salfa.

---

NobuYaKati

Nimerudi, wiki ya tano.

KalibuSafi, sikusoma ujumbe wako kwa wakati. Nilitumia udongo wa watoto. Ute. Nilichukua siku mbili kusafisha nobu nzima kwa kijiti. Mara ya pili ilikubali.

Nobu ya epoksi imetoka, rangi nimeifikia karibu sana, lakini ukiiweka pembeni ya mwenzake inaonekana changa, na ukiigonga kwa kucha inalia kiplastiki. Nimeihifadhi kama ya akiba.

Mpira nimepata kwa mlinzi wa ukumbi mmoja, alikuwa anauzuia mlango usijifunge. Mweupe uliopauka njano, una ufa upande mmoja. Nikautoboa, nikanusa. Wakuu, kaboliki tupu. Nilicheka peke yangu. Fundi kereza alinipa nusu saa, tukakwepa ule ufa, tukapata nobu moja na kipande cha kutosha nyingine ndogo. Imeingia kwenye mhimili kwa kubana, hakuna skrubu. SaketiNyekundu, nilihakikisha.

Ila kuna kitu. Tulipochonga ile ganda la njano likaondoka, na ndani mpira ni mweupe kabisa. Kwa hiyo nina nobu moja ya asali na nyingine kama jino. Nikageuza ile ya zamani nikakwangua kidogo chini, mahali pasipoonekana. Na yenyewe ndani ni nyeupe.

---

MzeeWaMaabara

Ndiyo, Catalin nyingi hugeuka njano kwa mwanga na hewa. Redio ya babu yako huenda ilikuwa nyeupe siku aliyoinunua. Ile asali ni umri.

---

Jongoo72

Sasa unang'arisha redio nzima iwe nyeupe, au unaianika nobu dirishani?

---

NobuYaKati

Nimeianika dirishani tangu juzi. Mama ameniuliza kwa nini nobu ya babu inaota jua.